Mishahara ya kudumu, mapato ya kupanda na kushuka

Bei ya shaba inaposhuka katika soko la London, wengi wetu hapa Lubumbashi hujiuliza ni miradi gani itakayokwama. Nchi ndogo za visiwani hukabiliwa na swali gumu zaidi, kwa sababu pengo lao la mapato huangukia matumizi ya kawaida: mishahara, dawa za hospitali, mafuta ya meli za serikali. Barabara inaweza kungoja mwaka ujao. Mshahara wa muuguzi hauwezi.

Tuvalu, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, ina watu wapatao 11,000, wachache mno kuliko wakaaji wa komini ya Katuba peke yake hapa mjini, lakini ni lazima iwe na bunge, mahakama, hospitali na shule katika visiwa vilivyotawanyika baharini. Walipa kodi ni hao hao wachache, na pato kubwa, yaani leseni za kuvua jodari, hupanda na kushuka kadiri samaki wanavyohama.

Ndiyo maana mwaka 1987 nchi hiyo, ikisaidiwa na Australia, New Zealand na Uingereza, ilianzisha mfuko wa amana. Mtaji umo katika akaunti ya kwanza, na thamani yake hulindwa kulingana na mfumuko wa bei nchini Australia. Faida inayozidi thamani hiyo, na hiyo tu, huhamishiwa akaunti ya pili, ambako serikali huchota ili kuziba pengo la bajeti. Mwaka usio na faida, akaunti ya kwanza haiguswi, hata waziri awe na haraka kiasi gani.

Nauru, nchi nyingine ya kisiwa cha Pasifiki iliyotajirika kwa fosfati, madini ya kutengenezea mbolea, ilikuwa na akiba kubwa zaidi, ikiwemo jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne. Ilikopa kwa dhamana ya mali hizo, na mwaka 2004 jengo likauzwa kulipa madeni. Uwekezaji mbovu ulichangia, lakini kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa kuiacha akiba iwekwe rehani.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 hugawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hutoa kwa madini zinayochimba, hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 10 ndiyo huzungumzwa sana. Mimi ningeanza na 25 na 15, kwani jimbo au mji ukiajiri wafanyakazi wa kudumu kwa mrabaha wa mwaka mzuri, utadaiwa mishahara hiyo hata bei ikianguka, nao hauna akaunti ya pili ya kuchota.