Yanayosemwa Matangani Kuhusu Moyo wa Ukoo

Hapa Kisumu, mtu wa miaka 45 akianguka ghafla na kufa, na kakake aliondoka vivyo hivyo, maneno huanza kabla hata mwili haujatoka mochari. Kuna atakayetaja chira, laana ya kuvunja mwiko. Kuna atakayesema ni mkono wa mtu. Mwingine, kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, atasema kwa unyonge, "Ukoo huu ndivyo ulivyo." Huyu wa mwisho yuko karibu na ukweli, ila ameishia njiani.

"Ya kurithi hayana dawa."

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu ndugu waliobaki hukaa wakingoja zamu yao. Ipo hali ya kurithi ambapo hitilafu ya jeni moja hulifanya ini lishindwe kuondoa vizuri kolesteroli mbaya, LDL, kwenye damu. Humpata takriban mtu 1 kati ya 250. Kolesteroli hupanda tangu utotoni na kuganda kwenye mishipa inayolisha moyo, bila maumivu wala kizunguzungu. Kila mtoto wa mzazi mwenye hali hiyo, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Mtazame mtu kisigino: kano la nyuma likiwa nene, lenye uvimbe mgumu, afike kliniki. Vivyo hivyo akiwa na pete nyeupe kuzunguka mboni ya jicho kabla ya miaka 45. Kwenye karatasi ya maabara, LDL ya mtu mzima ikifika milimoli 4.9 kwa lita, daktari anapaswa kuuliza habari za ukoo. Na dawa ipo: statini, vidonge vya kila siku, ambavyo hata mtoto wa miaka 10 anaweza kuanzishiwa na daktari.

Kwa wengi wetu hatari haitoki kwenye jeni moja bali kwenye nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Hapo pia mlango haujafungwa. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha watu zaidi ya 55,000 ulionyesha kuwa miongoni mwa waliorithi hatari kubwa, wale wasiovuta sigara, wasio wanene kupita kiasi, wanaofanya mazoezi na kula vizuri walikuwa na hatari pungufu kwa karibu 46% kuliko wenzao wasiojali hayo.

"Nimefanana na mama, ya baba hayanihusu."

Sura haisemi lolote kuhusu LDL. Wala wembamba hausemi.

"Huo ni ugonjwa wa wazungu."

Moja ya siri kubwa za ugonjwa huu ilifichuliwa na damu ya watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2003, katika familia za Ufaransa zenye kolesteroli ya juu mno, iligunduliwa kuwa jeni iitwayo PCSK9 ilikuwa imezidisha kazi. Watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas, Marekani, wakajiuliza: je, wapo ambao jeni hiyo imelala? Mwaka 2006 walionyesha kuwa kati ya Wamarekani weusi waliofuatiliwa kwa miaka 15, 2.6% walikuwa nayo imelala. LDL yao ilikuwa chini kwa 28%, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ukapungua kwa 88%. Kufikia 2015 dawa za sindano zinazoizuia PCSK9 zilikuwa zimeidhinishwa Marekani.

Lakini tusijidanganye kwamba sote tumekingwa. Waliokuwa na bahati hiyo ni wachache, na wengine walibaki kwenye hatari ileile.

"Lazima nipimwe DNA kwanza."

Hapana. Vipimo vingi vya DNA vinavyokadiria hatari kwa kujumlisha jeni nyingi vimetengenezwa kwa takwimu za Wazungu na hutabiri vibaya zaidi kwetu. Anza na kipimo cha mafuta kwenye damu, kisha waulize wazee nani aliugua moyo na akiwa na umri gani: baba au kaka kabla ya 55, mama au dada kabla ya 65. Akipatikana mmoja mwenye LDL ya kiwango nilichotaja, ndugu zake na watoto wake wapimwe pia.