Je, wajua kwa nini kifo kisicho na majibu hutufanya sote wapelelezi?

Kila Februari ikifika kijiwe chetu hapa Kondele, Kisumu, huanza upya stori ya Dkt Robert Ouko, yule waziri aliyekufa 1990. Mmoja anataja Koru alikoishi, mwingine anajibu Got Alila mwili ulikopatikana, na kabla chai ipoe tuko na wapelelezi kama 10 hivi, dereva wa tuktuk, jamaa wa viatu vya mitumba, mwalimu aliyestaafu, na kila mmoja ako na jina la muuaji mfukoni. Nusu yao 1990 walikuwa hawajazaliwa. Jioni hio hio kwa group ya WhatsApp mtu anatuma picha nzee amechora duara nyekundu kwa sura ya mtu aliyesimama nyuma, anaandika tu "angalieni huyu", basi usiku wote hakuna kulala.

Sasa swali langu ni hili, kwa nini tunafanya hivi? Mimi sidhani ni umbea. Nimeifikiria sana na naona inaanzia mahali pa maana kabisa, halafu inapotea njia.

Kwanza stori yenyewe kwa wale vijana. Dkt Robert Ouko alikuwa waziri wa mambo ya nje na pia mbunge wetu wa Kisumu Mjini. Mwanzo wa Februari 1990 alikuwa Washington na Rais Moi, wakarudi, akaenda kwake Koru, huko juu Muhoroni kwa miwa. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 akatoweka. Tarehe 16 serikali ikatangaza mwili umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, karibu kilomita 3 kutoka kwake, umechomwa, mguu umevunjika, risasi kichwani. Na maneno ya kwanza kutoka kwa wakubwa yalikuwa yanaelekea kwamba eti alijiua. Hebu fikiria wewe ni mama unauza samaki sokoni unaambiwa mtu amejivunja mguu, akajipiga risasi, akajichoma. Kisumu ililipuka, watu waliingia barabarani.

Hapo ndipo mpelelezi wa kijiweni huzaliwa. Akili ya mtu haiwezi kukaa na shimo, lazima ilijaze, na ukiijazia na jibu ambalo hata mtoto analiona halitoshei, kesho yake hataamini lingine lolote utakalomletea, hata likiwa la kweli. Baadaye John Troon wa Scotland Yard, polisi wa Uingereza, aliitwa akachunguza miezi kadhaa. Ikaundwa tume ya Jaji Gicheru, ikavunjwa Novemba 1991 kabla haijamaliza. Aliyekuwa DC, yaani mkuu wa wilaya, wa Nakuru akashtakiwa, 1994 mahakama ikamwachilia. Kamati ya bunge chini ya Gor Sungu ikaanza 2003, ripoti yake ikafika bungeni 2010, wabunge wakaikataa. Hesabu hizo milango, kila mmoja ulifunguliwa nusu halafu ukafungwa. Mtu akikuonyesha mlango nusu wazi mara nne hivi, wewe mwenyewe utaenda kuchungulia.

Nakuru nao wako na yao. Padri John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, ambaye aliwatetea wakimbizi wa kambi ya Maela bila kuogopa mtu, alipatikana 24 Agosti 2000 kando ya barabara pale Morendat, karibu na Naivasha, risasi kichwani na bunduki yake hapo kando. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuja wakamaliza wakasema alijiua. Waumini wakakataa, maaskofu wakakataa, na 2007 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa hicho kifo akasema hapana, huyu aliuawa. Sasa ukimwambia mtu wa Naivasha awache wenye kazi wafanye kazi yao anakuangalia tu. Raia walishuku, na korti ikawaunga mkono. Hii ndio sababu siwezi kuwadharau wanaouliza, na ukiniuliza, bila hao kesi ya padri ingeishia kwa ile karatasi ya FBI.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu. Kwa Waluo mzee akifa kuna tero buru, wanaume wanachukua ng'ombe na mikuki na matawi wanatoka mbio kukimbiza kifo nje ya boma, yaani kifo kinachukuliwa kama adui amekuja na lazima afukuzwe. Mimi naona hio roho haijaisha. Tukiwa na mwili na hatuna jibu, mioyo bado inataka kukimbiza kitu. Shida ni kwamba zamani tulikimbiza kifo, siku hizi kwa simu tunakimbiza mtu, mwenye jina na namba na watoto shuleni.

Na mbona mara nyingi tunakosea? Sana sana ni kwa sababu tunasoma maiti kama tunavyosoma muvi. Chukua mambo ya saa ya kifo. Mtu anasikia mwili ulipatikana umekakamaa, anaandika kwa group "aliuliwa saa nane usiku kamili". Hakuna daktari anaweza kukupa kamili. Mwili huanza kukakamaa masaa 2 hadi 6 baada ya kifo, unakaza kabisa kama masaa 12, halafu baada ya siku moja hadi mbili unalegea tena, na hizo ni hesabu za kukadiria, joto likiwa kali kila kitu kinaenda haraka. Mwili nao hupoa kama nyuzi moja kwa saa hivi, lakini hio ni kama pale ulipo kuna baridi ya kutosha. Lete mwili huo Kisumu mchana wa Februari, jua nyuzi 30 na kitu, utapoa kwenda wapi? Hewa yenyewe imekaribia joto la mtu.

Ama moto. Mtu aliyechomwa mara nyingi mikono yake huwa imekunjwa mbele na ngumi zimefungwa kama bondia, na wapelelezi wa mtandao wakiona au wakisikia hivyo wanasema "alipigana na wauaji". Si lazima. Joto hukaza misuli, na ile ya kukunja ina nguvu kuliko ya kunyoosha, kwa hivyo hata mtu aliyekufa zamani akichomwa mikono itajikunja vile vile. Kitu daktari anatafuta ni masizi ndani ya koo na njia ya hewa, hayo ndio yanamwambia kama mtu alikuwa anapumua moto ulipowashwa. Hio hauwezi kuiona kwa picha, hata uizumu namna gani.

Kuna damu pia, na hii ndio naona ingesaidia sana kwa mabishano ya kijiwe, maana kila mwaka tunagombana kama Ouko aliuawa pale kilimani au aliuawa kwingine akaletwa. Moyo ukisimama damu hushuka upande ulio chini, ukilaza mtu chali inakusanyika mgongoni, na baada ya masaa 8 hadi 12 hivi inajifunga hapo haisongi tena kirahisi. Kwa hivyo mwili ukipatikana umelala kifudifudi na damu imejifunga mgongoni, mtu aliugeuza. Unaona venye jibu linaweza kuwa rahisi hivyo, lakini lazima mtu anayejua aangalie mapema, pale pale, kabla umati haujakanyaga na kabla mwili haujabebwa. Kule Got Alila kijana mchunga mifugo aliuona mwili tangu tarehe 13, serikali ikatangaza tarehe 16. Siku 3. Watu hufikiri kesi hukosa majibu kwa sababu hakuna mtu mwerevu wa kuunganisha mambo, mimi nasema kesi nyingi hufa kwa hizo siku 3 za kwanza, na hakuna werevu wa 2025 utarudisha unyayo uliokanyagwa 1990.

Sasa ubaya. 2013 huko Los Angeles mwanafunzi mmoja kutoka Kanada alitoweka kwa hoteli, polisi wakatoa vidio yake akiwa kwa lifti anafanya mambo ya ajabu, dunia nzima ikageuka ditektivu. Wakapata mwanamuziki wa Mexico aliyewahi kulala hoteli hio, wakasema ndiye, wakamtumia vitisho vya kumuua. Kumbe alilala hapo mwaka mzima kabla ya huyo dada kufika. Mwili ulipatikana ndani ya tangi la maji juu ya paa, na madaktari wakasema alizama kwa ajali, alikuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka huo huo, baada ya mabomu ya Boston ya tarehe 15 Aprili, watu wa mtandao walimtaja mwanafunzi aliyekuwa amepotea kwamba ndiye aliyetega. Familia yake ilikuwa inamtafuta na huku inatukanwa. Alipatikana mtoni, alikuwa amekufa hata kabla ya mabomu.

Na usidhani ni mambo ya ng'ambo. Mtaani kwetu Manyatta kuna wakati mama mmoja alipatikana amekufa nyumbani, na group ikaamua ni mpangaji wa nyumba ya pili, sababu kubwa ikiwa alifunga kibanda chake siku hio. Skrinishoti ya profile yake ilizunguka hadi kwa watu wa Nyalenda wasiomjua. Alihama usiku. Wiki mbili baadaye upasuaji ukaonyesha mama alikuwa na shida ya moyo. Hakuna mtu aliandika pole kwa ile group, na mimi nilikuwa ndani, niliona kila kitu nikanyamaza, hio bado inaniuma. Akili hufanya hivi, ikishachagua mtu kila kitu kinakuwa ushahidi. Amefunga duka, ana hatia. Angefungua, tungesema ana moyo wa jiwe.

Lakini kuna wakati raia wamesaidia kweli, na tofauti iko wazi ukiangalia vizuri. 2021 kule Wyoming, Marekani, dada mmoja msafiri alikuwa amepotea, na familia nyingine iliyokuwa inatembea huko ikakumbuka wako na kamera kwa gari, wakarudi kuangalia, wakaona gari yake nyeupe imeegeshwa kando ya njia. Wakapelekea FBI. Mwili ukapatikana eneo hilo. Hio familia haikusema nani aliua, ilisema tu gari tuliliona hapa, siku hii, na vidio hii hapa.

Ukiwa na kitu kama hicho, usikipost. Weka faili lenyewe venye liko, usikate usiweke muziki, andika tarehe na mahali, peleka kwa DCI, wale wapelelezi wa jinai wa serikali, au kwa wakili wa familia. Ukikirusha kwa group kwanza, shahidi wa pili akiitwa kortini ataulizwa aliona kwa macho yake ama aliona kwa simu, na hapo ushahidi wake umeisha nguvu. Watu wengi hawajui pia kwamba kifo chenye utata kikikosa mshtakiwa, sheria yetu inaruhusu hakimu asikilize mashahidi hadharani aamue mtu alikufaje, kama ilivyofanyika kwa Kaiser, na mkurugenzi wa mashtaka anaweza kuagiza hivyo. Familia inaweza kusukuma hio, na raia wakaisukuma pamoja nayo, kelele yetu ikienda huko inakuwa na kazi. Kutaja mtu jina bila ushahidi nako kunaweza kukupeleka wewe mwenyewe kortini.

Kijiweni kwetu kuna mzee ambaye 1990 alikuwa anauza mkate Muhoroni. Miaka yote tukibishana yeye hunyamaza, hajawahi kutaja jina la mtu. Februari iliyopita nikamsogelea nikamuuliza, mzee wangu, wewe ulikuwa huko, mbona huongei? Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, mimi sijui nani aliua. Najua tu wiki ile watoto walikatazwa kuchunga upande wa kilima, na walikatazwa kabla ya redio kusema." Nikamuuliza ni nani aliwakataza na ilikuwa siku gani, akafikiria kidogo akanitajia siku. Halafu akaniambia mimi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.