Kanda ya mnarani na sekunde nne za Tenerife

Wengi hudhani kwamba mazungumzo ya marubani na waongoza ndege hurekodiwa ili ijulikane nani alisema nini. Kwa sisi tunaotunza mitambo ya kuyarekodi, swali zito zaidi ni neno lilisemwa saa ngapi, na nani aliweza kulisikia.

Tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, wakafa watu wote 128. Ndani yake hamkuwa na kinasa sauti. Kauli ya mwisho ya mmoja wa marubani ilipatikana kwa kuwa ilirekodiwa na kituo cha redio ardhini, na wataalamu wa maabara za Bell wakaichambua. Baadaye zikaenea kanda pana zenye mikondo mingi ya sauti, ambapo kila masafa ya redio na kila laini ya simu ya waongozaji ilikuwa na mkondo wake, na mmoja ukatengwa kwa alama za saa tu.

Faida ya alama hizo ilidhihirika Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, katika ajali iliyoua watu 583, pale ndege ya KLM na ya Pan Am zilipogongana kwenye njia ya kurukia. Ndege ya KLM ilipokwisha kuanza kukimbia ili iruke, mwongozaji, ambaye hakuiona kwa sababu ya ukungu, alijibu "sawa", akanyamaza kidogo, kisha akaiambia isubiri mpaka aiite. Papo hapo ndege ya Pan Am nayo ikatangaza kwamba bado iko kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Sauti mbili zilipokutana katika masafa yale yale, marubani wa KLM walisikia mlio mkali wa karibu sekunde 4. Kanda ya mnarani, yaani ya waongoza ndege, peke yake isingemwonyesha mchunguzi mlio ule. Ilibidi ilinganishwe, sekunde kwa sekunde, na vinasa sauti vya ndege zote mbili.

Leo sauti huhifadhiwa kidijitali, na Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinachozihusu pia nchi zetu za Afrika Mashariki, kinataka itunzwe angalau siku 30, au zaidi endapo kuna uchunguzi. Kwa maoni yangu, rekodi ambayo saa yake haikulinganishwa na saa ya rada ni nusu ya ushahidi, hata sauti iwe safi namna gani.