Magofu ya Mjerumani na hadithi ya dhahabu iliyofukiwa

Magofu mengi ya nyumba za mawe za enzi ya Wajerumani nchini Tanzania yamefukuliwa sakafu kwa imani moja: Mjerumani alifukia dhahabu akikimbia vita mwaka 1916. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zilikuwepo kweli, zikitengenezwa Tabora mwaka huo kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Lakini zilitengenezwa ziingie kwenye matumizi, si kuzikwa chini ya nyumba.

Kinachotoka humo ni misumari, vigae, vipande vya chupa, mifupa ya kitoweo, pengine heller ya shaba, sarafu ndogo ya enzi hiyo. Thamani yake ni mahali ilipolala. Heller ya 1904 ikikutwa chini ya sakafu ya chokaa ambayo haijaguswa, sakafu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1904. Sururu ikipita, ushahidi huo haurudi, na hiyo ndiyo hasara kubwa.

Ukuta nao huumia. Shimo kando ya msingi huondoa udongo unaoushikilia. Maji ya masika yakituama humo, udongo wa chini hulainika, msingi hutitia, ukuta hupasuka. Ukikuta shimo jipya, usiokote kitu wala kumwaga zege. Lipige picha, kisha mpe taarifa afisa utamaduni wa wilaya.