Hoteli ya ufukweni ukiwa na kiti mwendo: uliza vizingiti kwanza

Jibu ninaloliogopa kuliko yote nikipiga simu hotelini ni hili: "Usijali, vijana wetu watakubeba." Anayelitamka huwa ana nia njema kabisa. Lakini hapo hapo ameshaniambia kwamba pana ngazi, rampu (njia ya mteremko ya kupitishia magurudumu) hakuna, na kwamba usiku nikitaka kutoka kwenda kusikiliza mawimbi itabidi kwanza niwaamshe vijana.

Natumia kiti mwendo, na kazi yangu ni kukagua majengo kuona kama watu wa aina yangu wanaweza kuyatumia. Hoteli za ufukweni hunitoa jasho zaidi, na chanzo chake ni bahari yenyewe. Fundi anayejenga pwani anapambana na maji. Huinua sakafu ili mafuriko yasiingie, huweka kizingiti kwenye mlango wa baraza ili mvua ya upepo ibaki nje, na bafu hulizungushia ukingo. Sasa, kinachozuia maji huzuia na magurudumu. Ndiyo maana niliacha kuuliza kama wana chumba cha walemavu, maana karibu wote hujibu ndiyo. Siku hizi nauliza hivi: kutoka getini hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi mchangani, kuna vizingiti vingapi, na kila kimoja kina sentimita ngapi? Kisha naomba picha zilizopigwa na futi ikiwa imesimamishwa pembeni.

Somo hilo nililipata kwa kulala siku nne katika chumba ambacho ningekipa alama zote. Bafu pana, vyuma vya kushikia imara, choo cha urefu unaofaa. Mlango wa kioo wa kutokea upande wa bahari ulikuwa na kizingiti cha sentimita 8. Nikaitazama bahari kupitia kioo siku zote nne, kama televisheni.

Wakikwambia rampu ipo, uliza urefu wake. Kipimo tunachokitumia wakaguzi wengi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 60 inadai rampu ya mita 7.2. Nimewahi kuoneshwa ubao wa mita 2 ukifanya kazi hiyo, na aliyenionesha alijivunia. Ubao ule ungenibinua chali.

Chumbani sichunguzi mengi. Mlango uache upenyo wa sentimita 80 au zaidi, bafuni pawe na nafasi ya kugeuza kiti ya kama mita 1.5, na mlango wa bafu usifungukie ndani. Kitanda ndicho wengi hukisahau. Viti vyetu vingi huwa na kikalio cha takriban sentimita 50 kutoka chini, ilhali magodoro ya hoteli hurundikwa mpaka kitanda kinakuwa mlima. Kushuka ni rahisi. Kupanda usiku umechoka ni habari nyingine. Na kama unainuliwa kwa mashine, ulizia uwazi chini ya kitanda, kwa sababu miguu ya mashine lazima ipite humo.

Halafu mchanga. Mchanga mkavu hauna kinachoushikilia, kwa hiyo magurudumu madogo ya mbele huzama na kiti kinasimama ghafla, wewe ukiendelea. Ukiloa, maji kidogo yaliyo kati ya chembe huzivuta zikashikamana, na hapo unapata sakafu ngumu ya kupitia. Kwa hiyo ratiba yangu huipanga kwa kupwa na kujaa. Pwani nyingi maji hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hurudi mbali na eneo lililoloa huwa pana zaidi. Kinachobaki ni ukanda mkavu wa juu. Hoteli ikiwa na mkeka wa kutandaza hadi kwenye mchanga mbichi, umepona. Ikiwa haina, anayekusaidia asikusukume; akuvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie.

Baadhi ya hoteli zina kiti cha ufukweni chenye matairi manene kama maputo. Ni kizuri, ila kwa kawaida huwezi kukisukuma mwenyewe, na binafsi hunifanya nijihisi mzigo bandarini. Ukikitumia, hakikisha kiti chako kinakusubiri kivulini. Ringi za chuma na mto wa jeli vikipigwa na jua hupata moto, na kama ngozi ya makalio yako haina hisia, utajua umeungua ukishaona lengelenge.

Kiti cha umeme usikiingize kwenye maji ya chumvi hata kidogo. Cha mkono kioshe jioni ile ile kwa maji yasiyo na chumvi, lakini si kwa mpira wenye presha kubwa, maana utasukumia mchanga ndani ya beringi. Kikaushe, kitie mafuta, na uyafungue magurudumu ya mbele kama unaweza. Mchanga ukibaki kwenye ekseli utausikia: krr, krr, kila ukikata kona, wiki nzima baada ya kurudi nyumbani.