Jina la kubuni siyo akaunti feki

Mjadala wa mtandaoni ukipamba moto tu lazima atokee mtu wa kusema "achana na huyo, akaunti feki", wakati anayesemwa katumia jina lile lile miaka nenda rudi na kila mtu humo anajua msimamo wake mpaka maneno anayokosea kuandika.

Akaunti feki ni ile inayojifanya mtu mwingine, inabeba picha ya fulani na jina la fulani halafu inakuja inbox kuomba hela. Hiyo haina ubishi.

Kinachonikera ni kuchanganya jina la kubuni na kutokuwa na jina kabisa. Kule 4chan, jukwaa la mijadala mtandaoni, ukiacha sehemu ya jina wazi unaitwa Anonymous kama wenzako wote, kwahiyo aliyeandika jana na anayeandika leo huwezi kujua ni mmoja au wawili. Mwenye jina la kubuni humjui kwao wala kazi yake, ila aliyoandika zamani yanamfuata, akijikanyaga kuna mtu atafukua posti ya mwaka juzi na skrinshoti juu, na akilitupa hilo jina anaanza moja, hakuna anayemjua. Yaani ana cha kupoteza. Satoshi Nakamoto aliyetoa andiko la bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, 2008 mpaka leo hatujui ni nani hasa, lakini ukisema Satoshi kaandika hivi watu wanabishana na maandishi yake bila kuuliza ni yupi huyo.

Mkanganyiko wenyewe wa zamani. 1993 Johan Helsingius wa Finland alianzisha anon.penet.fi, seva ya kupitishia barua pepe bila kujulikana, kumbe kila mtumiaji alipewa namba yake ya kudumu na seva ikatunza namba ipi ni ya anwani ipi. Hayo ni majina ya kubuni yaliyoandikwa kwa tarakimu! Ndo maana polisi walipokuja 1995 kumtafuta mtumiaji mmoja kulikuwa na anwani ya kutoa, na 1996 jamaa akaifunga.

Wa "walazimishwe majina halisi, matusi yataisha" nao wapo. Korea Kusini iliweka sheria ya hivyo kwa tovuti kubwa 2007, mahakama ya katiba ikaifuta 2012, na kila siku tunatukanwa na watu wenye majina kamili na picha za harusi.

Kwahiyo kama humwamini mtu, fungua kwanza ukurasa wake usome alivyokuwa anaandika huko nyuma, ndo uamue umwiteje.