Je, wajua kwa nini mashine ya alaimenti, ile inayopima kama magurudumu yameelekea sawa, inaweza kukwambia gari iko sawa wakati bushi, zile za mpira kwenye viungo vya saspensheni, zimekwisha?

Hili swali nililikosea karibu msimu mzima. Nilikuwa na Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, naipeleka Brands Hatch kule Kent, Uingereza, siku zile wanazofungulia watu wa kawaida waje kukimbiza magari yao. Ukitoka kona ya Paddock Hill unatumbukia bondeni halafu unapanda kilima kuelekea Druids, na hapo ndo breki inakanyagwa kwelikweli. Kila nikikanyaga, pua ya gari inavuta kushoto, inarudi kulia, haitulii.

Nikaenda kupima alaimenti, karatasi ikatoka kijani mwanzo mwisho. Wiki iliyofuata nikarudia, kijani tena. Nikainyanyua kwa jeki, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa kwa nguvu zangu zote, halichezi hata kidogo. Basi nikasema bushi nzima, zingekuwa mbovu si mashine ingeonyesha? Nikahangaika na breki miezi miwili, nikabadili diski, nikabadili pedi, gari ikabaki vilevile.

Kosa langu lilianzia kwenye kuelewa bushi yenyewe. Ni bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, katikati mpira, bolti inapita kwenye lile bomba dogo. Wengi tunadhani mkono wa saspensheni, ule unaoshika gurudumu, unazunguka pale kama bawaba ya mlango. Hapana! Kwenye bushi nyingi za mpira za kiwandani, mpira umegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, hakuna kinachoteleza. Gurudumu likipanda mpira unasokoteka, likishuka unajirudisha, maelfu ya mara kwa siku moja. Mi hadi leo hiki kitu kinanifurahisha, kiungo kinachofanya kazi bila chochote kuzunguka.

Sasa chukua ndala iliyovaliwa sana, ile ambayo tundu la mbele linaloshika mkanda limetanuka. Ukiwa umesimama inashika mguu vizuri tu, hata ukiitazama unaiona nzima. Kimbia halafu simama ghafla: mguu unaendelea na safari, mkanda unavutika, kisigino kinatokea pembeni ya soli. Ukisimama tena, ndala inarudi mahali pake kama hakijatokea kitu. Bushi iliyochoka ndo hivyohivyo. Mpira uliobaki unatosha kulirudisha gurudumu mahali pake gari ikiwa imetulia, na mashine ya alaimenti inapima gari iliyotulia. Kwa hiyo karatasi haikunidanganya, mimi ndo niliiuliza swali lisilo lake.

Na kutikisa kwa mkono? Piga hesabu. MX-5 ile na dereva wake ni kama tani moja. Kwenye tairi nzuri na breki kali, nguvu ya kuisimamisha inakaribia uzito wote wa gari, na magurudumu ya mbele yanabeba kama asilimia 70 ya hiyo, yaani kila moja linavutwa nyuma kwa nguvu ya kilo 350 hivi. Mkono wa mtu hauko hata karibu. Alaimenti yenyewe ni habari ya milimita chache, kwa hiyo bushi ikizama milimita mbili tatu tairi linaweza kuangalia upande mwingine kabisa katikati ya breki, halafu ukiachia linarudi.

Kilichonionyesha ukweli ni kitu rahisi sana. Injini imezimwa, mtu mmoja ndani kakanyaga breki, wawili wanasukuma gari mbele na nyuma, mimi nimechuchumaa pembeni naangalia nafasi kati ya tairi na bodi. Gurudumu la kulia lilitulia. La kushoto likaondoka na kurudi, kimyakimya, bila hata mlio. Baadaye gari ikiwa juu ya stendi nikaweka mtaimbo kwenye mkono wa chini wa saspensheni nikasukuma taratibu, na ule mpira ukaachana na chuma, ufa ukafunguka kama mdomo, nikiachia unafunga.

Ila usikimbilie kuhukumu kwa macho. Bushi nyingine zina matundu ya makusudi kwenye mpira, si kwamba zimechanika, na nyufa ndogo za juujuu ni za uzee tu mara nyingi. Pia viungo vingine vya gurudumu, kama boljointi, tairodi endi na beringi, vinaweza kuleta kuyumba kulekule, ingawa hivyo ukivitikisa kwa mkono mara nyingi unasikia tk tk, chuma kwa chuma. Na ukipima alaimenti, ukaisukuma gari mbele na kuirudisha, ukapima tena namba zikabadilika, hapo bushi ziangalie mapema.

Ukibadilisha za mpira, bolti usizikaze kwa mwisho gari ikiwa inaning'inia. Kumbuka mpira umegandishwa: ukikaza magurudumu yakiwa yamelegea chini, ukiishusha gari bushi zinabaki zimesokotwa muda wote, hata ikiwa imeegeshwa, na zitachanika mapema. Mi zangu nilizishika kidogo tu, nikaishusha ikakaa kwa uzito wake juu ya mbao nne, ndo nikaingia chini na spana kumalizia.